Kikopo cha Mkamwana

Jikoni walimwita Mwiko. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni ya wasichana, mjane mwenye ulimi mkali, na masufuria yalimtii kuliko wanawe. Kila muhula wapishi walipeleka choo maabara. Aliyekutwa na vijidudu hakugusa chakula.

Mihula miwili mfululizo hadubini ilimkuta na amiba. Alimeza vidonge, akatapika, akarudi kazini nguo zikimpwaya. Mkuu wa shule hakumficha.

"Wakikukuta tena, mama, utakwenda kumpikia paka wako."

Muhula uliofuata Mwiko akamgeukia mkamwana wake, binti mwenye mashavu yaliyojaa, asiyejua hata kichefuchefu.

"Nijazie kikopo, mwanangu. Tumbo lako ni safi."

"Mama! Juzi ulisema mimi mchafu, hata vyombo vyako nisiguse."

"Nilisema mikono. Jaza."

Asichojua ni kwamba maabara ilikuwa imeacha kutegemea macho. Sasa choo kilipimwa kwa mashine inayotambua vinasaba vya mdudu mwenyewe. Jibu likaja: amiba hatari, wale wanaotafuna utumbo. Mwiko alivuliwa aproni mbele ya wasichana waliopanga foleni na sahani zao. Wengine walicheka. Kusema choo si chake kungekuwa kujikaanga kwa mafuta yake.

Wiki hiyohiyo alimwendea mtaalamu wa maabara, akamweleza yote, akamwachia kikopo chake halisi. Alipofuata jibu, yule bwana alikuna kidevu.

"Mdudu wako ni pacha wa yule hatari. Kwa hadubini wanafanana mno, lakini huyu wako hana madhara. Hata vile vidonge hukuvihitaji. Ungeleta chako, mama, leo ungekuwa jikoni."

"Basi mwambie mkuu!"

Alimwambia. Mkuu akajibu kuwa mpishi mwenye mdudu asiyedhuru angemvumilia, lakini si mpishi anayejificha nyuma ya choo cha kuazima. Kiliazimwa kwa nani, hakuuliza.

Mkamwana alitibiwa, akapona, akapimwa tena kwa mashine ileile. Jiko lilikuwa na pengo, naye alikuwa na cheti safi. Akaajiriwa.

Siku ya kwanza alirudi nyumbani na aproni ileile kiunoni, akamkuta mama mkwe ameketi mezani akisubiri chakula. Akapakua, akaishikilia sahani.

"Mama," akauliza kwa upole, "umenawa mikono?"