Bibi Mmoja, Insha Mbili

Ipo Jumatatu moja ya mwaka 2017 ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo umeiamsha wewe kwa kuniletea masharti ya somo lako la maadili ya sayansi na kuninong'oneza, "Anti, hapa kuna mtego." Kaa. Najua unacheka moyoni kwamba jirani yenu naye ameshaanza kujifanya mzee. Cheka tu, lakini kaa, maana somo hilo nimelipitia, na nililishuku kuliko wewe.

Nilikuwa mwaka wa mwisho hapa Johannesburg, nasoma biolojia. Masomo mengine niliyaelewa: ukikosea hesabu umekosea, mhadhiri akupende asikupende. Hili lilikuwa la namna nyingine. Siku ya kwanza mhadhiri wetu, mtu mzima mrefu tuliyemwita Dokta, alitusomea masharti. Hakuna mtihani. Kuhudhuria kuna maksi, kuzungumza darasani kuna maksi, na maksi nyingi zaidi ziko kwenye insha ambayo lazima iwe na mfano wa kweli kutoka kwa watu wako mwenyewe. Ukifeli hapa huhitimu, hata ukifaulu mengine yote. Halafu akatabasamu, akasema humu hakuna jibu baya. Sasa mtu akikwambia hakuna jibu baya huku ameshika kalamu nyekundu, utamwamini? Mimi nilijiambia hivi ndivyo watakavyotufelisha sisi wageni, kimyakimya, bila kuacha ushahidi.

Aliyeshuku pamoja nami alikuwa Furaha, msichana wa Bukavu aliyekuwa akikaa mtaa wa Troyeville. Kila Jumamosi alikuja mtaani kwetu La Rochelle, tukajifungia chumba cha nyuma, tukajadili kwa Kiswahili, kisha kila mmoja akaenda kuandika kwa Kiingereza chake. Mada ya insha ilikuwa damu: mtafiti akichukua damu ya watu, ana wajibu gani kwao? Nikamsimulia Furaha habari za bibi yangu wa Tanga. Walifika kwake watu wenye gari jeupe, wakamtoa damu, wakampa sukari na sabuni, wakaahidi kumletea majibu. Hawakurudi. Bibi aliendelea kufagia uwanja kila asubuhi, wageni wasije wakamkuta pachafu. Furaha alifuta machozi. Mimi nikaandika insha yangu, nikaona hapa Dokta hana pa kunishika.

Jumatatu hiyo akaniita ofisini. Alisema ana insha mbili zenye bibi mmoja, sukari ileile na sabuni ileile, na walioandika wanatoka nchi mbili. Hakutaja jina la mwenzangu wala hakunionyesha karatasi yake. Alitaka nirudi Alhamisi na maelezo. Yasipomridhisha, wote wawili tunapata sifuri. Na sifuri ile, mwanangu, ilikuwa na maana ya kukosa joho mwaka huo, na pengine kabisa.

Nilitoka pale nimefura. Ghafla kila kitu cha Furaha kikabadilika rangi. Yale machozi, kumbe alikuwa akinilainisha. Ile tabia yake ya kuuliza "na kisha?", kumbe alikuwa akikusanya. Simu yake aliyokuwa akiilaza kifudifudi mezani, nani ajuaye ilikuwa ikirekodi nini? Akanipigia, sikupokea. Alipopiga tena na tena nikasema ana hatia, ndiyo maana anahangaika. Alipoacha kupiga nikasema, naam, amejua nimemgundua. Mtu akishashuku hakosi ushahidi.

Jumatano jioni nilimkuta mama jikoni akichambua mchele. Nikamwambia kesho naenda kumtaja Furaha, ameniibia bibi.

"Insha yake umeisoma?" mama akauliza.

"Sijaisoma."

"Mwenyewe umemuuliza?"

"Mwizi haulizwi, mama."

Mama akaweka sinia chini. "Mpigie. Aje hapa, na hiyo insha aje nayo."

Furaha akaja. Hakukaa. Alisimama mlangoni na karatasi zake, macho mekundu. "Dada, mi siko mwizi. Soma wewe mwenyewe."

Nikasoma. Mstari wa pili ulisema wazi kwamba hayo ni mambo ya bibi wa rafiki yake, naye alisimuliwa na rafiki huyo. Jina langu lilikuwepo. Nikaona aibu, lakini hasira haikukubali kuondoka mikono mitupu. Nikamuuliza kwa nini hakuandika habari za watu wake, kama masharti yalivyotaka.

"Watu gani?" Furaha akasema. "Bibi yangu sikumuona hata siku moja, vita ilitutawanya. Hapa mi niko na nani? Niko na nyinyi tu. Nilifikiri unajua."

Hilo lilinichoma, sitakuficha. Ila nikiwa mbishi nikajibu, "Hata hivyo ungeniomba ruhusa!"

"Na wewe," mama akadakia, "ruhusa ulimwomba nani?"

Nikazikunja karatasi za Furaha, nikamrudishia.

"Huyo mnayemgombania ni mama yangu mimi. Mmemchukua mkampeleka chuoni kumtafutia maksi, na hakuna aliyeniuliza, wala aliyempigia simu mwenyewe. Hao wa gari jeupe angalau waliacha sabuni."

Mama alipiga simu Tanga palepale, akaweka spika. Furaha ndiye aliyeeleza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Semeni tu, wajukuu zangu. Lakini huyo mwalimu wenu mwambieni bado nangoja majibu."

Furaha alilia kwa kuitwa mjukuu. Nami nililia, kwa aibu zaidi.

Alhamisi tulikwenda wawili, tukamweleza Dokta yote, na ujumbe wa Bibi tukaufikisha. Alitukata maksi sote kwa kutumia habari za mtu aliye hai bila ridhaa yake, tukapita kwa tabu. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia tangu Jumatatu kwamba mwenzangu alinitaja, alisema, "Hukuniuliza." Mpaka leo nashuku alitaka kuona nani atamuuza mwenzake. Ningemuuza mimi.

Basi nasaha yangu ni hii. Sikukatazi kushuku, mji huu asiyeshuku ananyang'anywa hata viatu. Masharti hayo yasome mara mbili, na pasipoeleweka muulize mhadhiri mbele ya wenzako. Rafiki ukimshuku, mwendee mwenyewe kabla hujapeleka jina lake popote. Na kila unapotaka kuandika habari za mtu, uliza kwanza, hata kama mtu huyo amekuzaa. Bibi alifariki kabla hajajibiwa, na mpaka leo sijui damu yake ilisema nini.

Nenda ukaandike, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona hila na moyo wa kuona wema, akujalie mtu wa kumwita wako katika mji huu, na siku ya kuvaa joho watu wako wote wawepo, wazima.