Bibi Aliyefanywa Madame

Wiki iliyopita tulimzika jirani yangu hapa Rumonge, bibi mmoja ambaye ninyi wasomaji wangu hamkumjua, na ambaye hata mimi, niliyetengwa naye na ukuta wa matofali tu, naona haya kusema nilimjua. Alikuwa mjane, Mwislamu wa ukoo uliovuka ziwa zamani kutoka upande wa Kongo, na nguvu zake zote alizimalizia Gitaza, ufukoni, akianika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mgongo ulipokataa kuinama mchangani, mwanawe, mtu wa kazi ya ofisini, akamchukua akae kwake. Kifua kilimbana siku chache, akatutoka. Nimezoea kuwasifu marehemu katika safu hii, na wengine niliwasifu kupita kiasi, mnajua. Leo nimekuja na aibu, na nimeona niiandike kabla sijaanza kuizoea.

Mwanawe na mkewe wana mtoto mmoja wa kike. Ulipobaki kama mwaka hivi aingie materneli, ile shule ya watoto wadogo, walianza kumwandaa nyumbani. Baba alipaka ubao rangi nyeusi akautundika barazani. Mama alimletea kalamu za rangi, akamfundisha kunawa mikono, kuvaa viatu mwenyewe na kutaja jina lake bila kuuma kidole. Mpaka hapo hakuna wa kuwalaumu. Kisha mtu mmoja kazini akamwambia baba kwamba direktrisi, yule mama mkuu wa shule, humwita kila mtoto na kumhoji kwa Kifaransa, na kwamba mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili cha sokoni hujulikana akifungua tu mdomo. Ikatoka amri: mbele ya mtoto ni Kifaransa tupu. Bibi Kifaransa hakuwa nacho. Mwanawe alimwendea kwa adabu, akamwambia, "Mama, utusamehe. Ni mpaka mutoto aingie ku ekoli tu. Akikuwa karibu, nyamaza kidogo." Bibi mwenyewe ndiye aliyenisimulia, wala hakulalamika. Alisema tu kwamba mwanawe alikuwa akitazama chini.

Lakini hawakumwacha bila kazi. Ili mtoto azoee yale mahojiano, alitakiwa mtu wa kukaa kitini kama direktrisi, na direktrisi wa mchezo hahitaji kusema kitu, kichwa tu kinatosha. Basi kila asubuhi bibi alijifunga kitenge safi, akaketi barazani. Mtoto alibisha hodi mlangoni, akaingia, akabananisha miguu, akasema, "Bonjour, madame." Bibi akatikisa kichwa. Mtoto akataja jina lake, akataja rangi, akahesabu vidole. Bibi akatikisa kichwa. "Au revoir, madame," mtoto akaaga, na mchezo ukaisha. Siku ya Idi tulialikwa pilau pale, na kama ilivyo desturi yetu, wageni hawajanawa mikono mtoto keshaitwa aonyeshe anachojua. Tulimpigia makofi, na ya kwangu ndiyo yaliyosikika zaidi. Baadaye mchezo ulihamia ndani. Akitaka maji, akitaka kufungwa nywele, mtoto alimwita bibi yake "Madame!" Nyumba nzima ilicheka, na bibi naye alicheka. Hakuna aliyekumbuka kumpa mtoto jina jingine la kumwitia.

Jioni bibi alivuka kuja kwangu. "Amahoro, mwanangu," aliniambia, "nimekuja kufungua kinywa. Kutwa nzima niko madame." Alikifungua kweli. Aliongea habari za Gitaza, za mitumbwi, za wanawake waliogombania mahali pa kuanika, na kila mara alirudi kwenye wimbo aliofundishwa na mama yake akiwa mdogo, wimbo wa kufukuza kunguru wasiibe ndagala. Ulikuwa na mahali pa kupiga makofi na mahali ambapo mtoto anatakiwa kuitikia. Akifika hapo alinyamaza, akaningoja. Nami niliitikia "eeh", macho yangu yakiwa kwenye simu. "Huu nimemuwekea mujukuu wangu," aliniambia mara nyingi. "Akishaingia ku ekoli, nitamupa." Mimi ninayekula kwa Kiswahili, ninayelipwa kuwaambia ninyi habari za lugha na malezi, nilimjibu kwamba ni jambo zuri.

Shule ikafunguliwa. Mtoto hakuhojiwa na mtu. Mwalimu wa materneli aliwapokea kwa Kirundi, akawapigia makofi, akawatuliza wanaolia, na baada ya siku chache akawaambia kila mmoja aje na wimbo kutoka kwao, wimbo wa mama au wa bibi. Wakaimba wote, wengine ovyo ovyo, lakini wakaimba. Huyu wetu alisimama, akabananisha miguu, akasema "Bonjour, madame," akataja jina lake, akataja rangi, kisha akaanza kulia. Mwalimu alimwita baba. Baba mwenyewe alinieleza maneno yake tukiwa matangani. "Papa, mutoto iko na akili," mwalimu alisema. "Lakini nyumbani anaongea na nani?" Baba akajibu kwamba anaongea nao wazazi, kwa Kifaransa, wakitoka kazini. "Na kutwa nzima, wakati hamuko?" Baba akasema yuko na bibi yake. Mwalimu akafurahi, akasema basi wimbo uko hapo hapo nyumbani.

Baba aliporudi nyumbani alimkuta mama yake kwenye kile kiti. Akamwambia, "Mama, sasa unaweza kuongea naye." Bibi alimtazama mtoto, mtoto akamtazama yeye. "Nianze na nini?" bibi aliuliza. "Huyu ananijua nikiwa nimenyamaza." Alijaribu hata hivyo. Alianza ule wimbo, na mtoto, ambaye hakuwahi kusikia sauti ndefu kama ile ikitoka kwa madame, aliogopa, akamkimbilia mama yake. Bibi aliwaambia wasimlazimishe, atazoea pole pole. Wiki ile ile kifua kikamlaza.

Siku ya mazishi, jeneza lilipofikishwa mlangoni, shangazi mmoja alimshika mtoto mkono akamleta mbele. "Muage bibi yako," alimwambia. Mtoto aliinyoosha sketi yake, akabananisha miguu, akasema kwa sauti safi iliyofika mpaka barabarani, "Au revoir, madame." Nyuma yangu mgeni mmoja alinong'ona, "Sikia Kifaransa yake." Alikuwa anasifu. Baba alikuwa na bega chini ya jeneza. Alisimama, na sisi tuliokuwa nyuma yake tukasimama wote, mpaka mtu akamgusa mgongoni ndipo akaendelea. Mimi nilitazama viatu vyangu. Niliona aibu mbele ya watu, na mbele ya yule tuliyembeba, kwa sababu ningeyasikia maneno yale siku nyingine yoyote, ningepiga makofi.

Sitaki mtu awacheke wazazi hawa. Kandokando ya ziwa letu, kutoka Muhuta mpaka Kigwena, nitajieni nyumba yenye mshahara ambayo haifanyi hivi kwa namna yake. Sisi tulichekwa tulipofungua vinywa mbele ya walimu, wengine tulichapwa, na hakuna mzazi anayetaka mwanawe ayapitie hayo. Kifaransa mtoto atakipata, shule ipo kwa kazi hiyo. Lakini kumwandaa mtoto ni kuongea naye: kumwuliza, kumsikiliza, kumchosha kwa hadithi, kwa lugha yoyote ambayo anayemlea anaijua vizuri. Mtoto hawezi kujifunza kuongea kutoka kwa mtu aliyeamriwa kunyamaza. Kama una mzee nyumbani, mwache aongee leo, na wewe ukae usikilize.

Jana baba alikuja kwangu na binti yake. Hakutaka kuketi. "Kaka, wewe ndiye ulikuwa unakaa na mama jioni," alisema. "Ule wimbo wake wa kunguru, uko nao? Mimi niliusahau zamani. Mutoto anautaka." Nilijibu haraka kwamba ninao, maana niliusikia mara nyingi mno. Nikamweka mtoto mkekani, nikaanza. Mwanzo ulikuja, na mahali pa makofi palikuja, na baada ya hapo sikuwa na neno hata moja. Nilirudia mwanzo, nikidhani utanivuta, haukunivuta. Mtoto alikwisha kuushika, akili anayo kweli. Aliimba peke yake, akapiga makofi mahali pake, akafika pale nilipokwama, akanyamaza, akaniangalia, akangoja niendelee.