Shafti Iliyokwenda Kupigwa Picha

Nichekeni tu, mimi nimeshajicheka vya kutosha. Simran, binti wa bosi wetu hapa gereji Moshi, anasomea vyuma huko Ulaya. Alipokuja likizo aliniachia shafti iliyopasuka ya mashine ya kumenyea kahawa.

"Nitunzie, fundi. Itapigwa picha kwenye mtambo mkubwa wa eksirei, tuone ndani ufa ulianzaje."

Mimi sikio lilinasa "picha" tu. Kwetu Shirimatunda hakuna anayekwenda kupigwa picha na nguo za shamba. Nikaichomelea, nikaipiga msasa, nikaipaka rangi ya fedha, nikaiviringisha kwenye kitenge kipya cha mke wangu.

Siku ya safari Simran aliifungua, akaigeuzageuza.

"Fundi, ufa uko wapi?"

"Nimeuziba, mwanangu," nikajibu kwa madaha. "Hata huo mtambo wenu hautauona."