Tarumbeta Kabla ya Mchezo

Milio ya nembo za kampuni zilizotengeneza michezo ya kuigiza ya televisheni zamani naijua yote. Kisumu hii hakuna wa kunishinda. Juzi nilikuwa katika duka la kuhamisha kanda za video kwenye flashi, mama mmoja wa Muhoroni akaja kuchukua flashi yake. Fundi akaicheza. Mama akasogelea skrini, akangoja.

"Nembo ya mwanzo iko wapi?"

"Hiyo nilikata, Mama. Watu wanataka mchezo wenyewe."

"Ile tarumbeta alipiga marehemu mume wangu. Hakuna mahali pengine anasikika. Rudia kanda."

Fundi akainua utepe uliokunjamana kama matumbo ya kuku. "Mashine imeikata, Mama. Na nakala ya kwenye kompyuta nilishafuta."

Mama akashika kaunta kwa mikono miwili. Bingwa nikajitokeza: "Usilie Mama, hiyo naijua!" Nikavimbisha mashavu, nikaipiga kwa mdomo hadi wapita njia wakasimama mlangoni.

Mama akaniziba mdomo kwa kiganja. "Baba, nyamaza. Unanisahaulisha."

Nilinyamaza. Lakini ndugu msomaji, tangu siku hiyo nikiitafuta ile tarumbeta kichwani, nausikia mdomo wangu tu.