Wimbo wa Mama Ulioletwa na Ng'ombe

Enzi zetu pale Kasokola, muziki ulikuwa unaanikwa juani. Nyie wa siku hizi mnaobonyeza tu kidole hamwezi kunielewa, lakini wa rika langu najua mmeshaanza kucheka. Mama akimaliza kuanika dagaa, pembeni yake kwenye kipande cha bati anapanga betri sita za redio, zipigwe jua zipate nguvu. Zikigoma, baba anaziuma moja moja kwa jino la pembeni, taratibu, kama mtu anayeonja muwa wa jirani, halafu anazirudisha ndani ya redio na kusema, "Leo zitaongea." Na kweli zilikuwa zinaongea. Ukipita mbio karibu na lile bati utasikia sauti ya mama kutoka jikoni: "We Vero! Ukizimwaga hizo, utaimba wewe mpaka Pasaka!"

Redio yenyewe ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na nadhani ilikuwa inaheshimiwa kuliko baadhi ya wajomba zetu. Ilifunguliwa kwa taarifa ya habari, na Jumapili saa nane mchana kwa kipindi cha salamu. Basi. Baada ya hapo betri zinatolewa, zinafungwa kwenye pindo la kanga, zinalala sandukuni. Vijana wa leo wakisikia hivyo wanatuonea huruma. Msituonee. Wimbo uliousubiri wiki nzima ukifika, unaingia mpaka kwenye magoti.

Sasa hizo salamu, kwa ambao hamkuziwahi, zilikuwa hivi. Unanunua kadi dukani, unaandika jina lako, unaandika unaowasalimu, unachagua wimbo, unapeleka posta. Kadi inasafiri wee, na inaweza kukaa huko redioni miezi kabla haijasomwa. Siku ikisomwa, kijiji kizima kimesikia. Kesho yake kisimani watu wanakupisha uchote kwanza.

Dada yangu mkubwa, Anastazia, tuliyemwita Stazia, alikuwa bingwa wa kadi hizo. Kabla hajaolewa alikuwa anatembea na daftari lenye mashairi ya nyimbo, kila ukurasa amechora ua. Ndiye aliyenifundisha kuota mchana. Ndiye pia aliyekuwa akinipeleka Mpanda mjini, kwenye banda la video karibu na stesheni, Jumapili baada ya misa. Tunakaa chini, mbele kabisa, shingo inauma, jenereta nje linanguruma kuliko mapigano ya kwenye picha. Hatukujua Kihindi wala Kichina, lakini tulijua sheria moja kubwa kuliko lugha zote: steringi hafi. Huyo shujaa wa picha atapigwa, atatupwa mtoni, ataimba akiwa na damu shatini, lakini hafi. Stazia alikuwa ananishika mkono sehemu za hatari na kuninong'oneza, "Usilie, mdogo wangu. Si unajua steringi hafi?"

Akaolewa Kaliua, pale reli yetu inapokutana na ile ya Dar, mume wake alikuwa kibarua wa reli. Mimba yake ya kwanza iliharibika ikiwa na miezi saba. Alipokuja nyumbani kupumzika alikaa wiki nzima bila kutoa sauti, yeye ambaye hata sufuria alikuwa anasugua kwa kuimba. Mimi nilikuwa mtoto lakini kile kimya nakikumbuka mpaka leo.

Ya pili ilipofikisha miezi sita alikuja kutusalimia, akarudi kwa mume wake. Tulimsindikiza stesheni. Masika ilikuwa imeanza, na kila mtu wa huku anajua masika inavyoifanya njia yetu ya reli. Stazia akasema, "Mama, hii reli ikikatika, barua yangu utaipata nikiwa bibi. Tufanye hivi. Kadi itapanda treni ya Dar, kwenye redio yenyewe, kule njia haikatiki. Nikijifungua salama nitakuchagulia wimbo wako. Ukiusikia, ujue tupo wawili."

Wimbo wa mama ulikuwa wa dansi, wa zamani, ambao yeye na baba waliucheza walipokutana Tabora. Jina lake halisi wala silitaji, maana kwetu haukuwa na jina lingine: Wimbo wa Mama. Unaanza kwa tarumbeta zinazopanda, tatu, tena tatu, kama watu wanaopanda mlima huku wanataniana, halafu zinashuka zote kwa pamoja. Dada hakuwahi kuuchagua kwenye kadi zake. Yeye alikuwa anachagua nyimbo mpya mpya za kurukaruka.

"Na nisipousikia?" mama akauliza.

Stazia akamfunga mama kilemba vizuri, kama vile yeye ndiye mama. "Utausikia."

Tangu hapo kila Jumapili mama anaoga, anavaa kitenge cha kanisani, anakaa mkekani chini ya redio, kama vile mtangazaji anamwona. Mara mbili jina la Stazia likasomwa, mara zote mbili zilikuwa kadi za zamani, na nyimbo zilikuwa zile zake za kurukaruka. Mama anashusha pumzi, anasema, "Bado." Miezi ikahesabika, tisa ikapita. Mama akaanza kusahau chumvi kwenye mboga.

Sasa sikilizeni ujinga nilioufanya. Jumamosi moja wazazi walikwenda shamba, na mimi na rafiki yangu Mariamu, mtoto wa jirani, tukaamua kutengeneza picha ya Kihindi uani kwetu. Mimi steringi wa kike, Mariamu ni mpenzi wangu, amejichora masharubu ya mkaa. Mti wa kuzunguka tunao, mpapai. Kanga ya kupeperusha tunayo. Kilichopungua ni kimoja.

"Picha la Kihindi bila muziki ni ugomvi tu," Mariamu akasema.

Alisema kweli. Nikafungua sanduku. Tulizunguka ule mpapai tangu saa nne mpaka jua linainama, na sikuona hatari hata sauti ya redio ilipoanza kuwa kama ya mzee mwenye mafua. Nikazirudisha betri, nikafunga fundo lile lile. Asubuhi nikawahi kuzianika, lakini wingu lilikuwa limetanda kuanzia Misunkumilo mpaka sijui wapi. Nikaziuma. Jino likauma, betri hazikujali.

Saa nane mama akakaa mkekani. Baba akafungua. Sauti ikatoka, nikamshukuru Mungu. Kadi ya kwanza, ya pili, ya tano. Halafu: "Anastazia wa Kaliua, anamsalimu mama yake mzazi huko Kasokola, Mpanda. Anasema, mama nakushukuru. Na wimbo aliomchagulia ni..." Sauti ikazama. Ikazama kama ndoo kisimani, tukasikia mkwaruzo kidogo, basi.

Baba akaipiga redio kofi. Akatoa betri, akaziuma zote sita. Kimya. Mama hakusogea, alikuwa anaitazama ile redio kama mtu anayemtazama daktari usoni.

"Hizi zilikuwa nzima," baba akasema. "Nani amegusa?"

Ningeweza kukaa kimya. Lakini nilimtazama mama na kile kitenge chake cha kanisani, nikashindwa. "Ni mimi, baba. Jana. Tulikuwa tunacheza picha."

Baba akainuka, na mimi nikajua safari hii steringi anakufa. Mama akasema bila kugeuka, "Mwache. Utampiga kesho. Vero, kimbia. Mtafute mtu mwenye redio, akwambie ni wimbo gani."

Nilikimbia mpaka kwa fundi cherehani. Redio yake ilikuwa inaimba, lakini alikuwa amekamata stesheni ya ng'ambo ya ziwa, anakata kiuno na Wakongo. "Salamu? Mimi nimezichoka, wanasoma majina kama polisi," akaniambia. Nikatoka pale nalia. Ndipo nikakumbuka kuna redio moja zaidi, na moyo ukanishuka, maana ilikuwa imefungwa kwenye baiskeli ya Masanja.

Masanja alikuwa Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake, mtu mrefu, mpole, hasemi sana. Lakini mwaka uliopita ng'ombe hao waliingia shamba la mama na kumaliza mistari minane ya mahindi. Mama aliapa mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwamba mkia wa ng'ombe wa Masanja hautapepea uani kwake mpaka anazikwa. Hawakuwa wanasalimiana.

Nilimkuta bondeni, baiskeli imeegemea kichuguu, redio inasoma matangazo ya vifo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani anakufukuza, mtoto? Fisi mchana?"

"Umesikiliza salamu? Za Anastazia wa Kaliua?"

"Nimesikia. Nikasema, huyu si wa yule mama wa mahindi?"

"Wimbo gani walipiga?"

Akajikuna shingo. "Jina? Mimi majina nayajua ya ng'ombe."

"Basi imba!"

"Mimi?" Akawatazama ng'ombe kama anawaomba ruhusa. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na mimi nilikuwa na kamasi mpaka kidevuni, akaimba. Maneno hakuyashika, akaimba vyombo tu. "Paa-pa-paa! Paa-pa-paa!" Nilidhani naujua. Lakini kwa koo lile, jamani, ungeweza kuwa wimbo wowote, ungeweza hata kuwa wimbo wa taifa. Nami sikutaka kumpelekea mama kitu cha kudhani.

"Twende ukamwimbie mwenyewe."

"Kwa mama yako? Aliapa yule. Na hawa nitamwachia nani?"

"Njoo nao."

Naona mpaka leo jinsi alivyocheka kwa woga. Tukaenda. Ng'ombe mbele, kengele zinalia, Masanja anasukuma baiskeli, mimi nyuma na fimbo yake. Tulipotokea uani mama alisimama. Baba akasema polepole, "Mungu wangu, na ng'ombe tena." Dume kubwa jekundu likaenda moja kwa moja kwenye matembele ya mama na kuanza kula.

Masanja akavua kofia. "Mwadila, mayu," akamsalimu kwa Kisukuma. Mama hakujibu. "Mtoto anasema niimbe."

"Imba," mama akasema.

Akafumba macho. "Paa-pa-paa! Paa-pa-paa!" Zikapanda tatu, zikapanda tena tatu, na pale zinaposhuka Masanja alishuka nazo mpaka mabega yakashuka, na kengele za ng'ombe zikawa ndiyo ngoma. Nilimwangalia mama mdomo. Mdomo ukaanza kutikisika. Halafu, sauti nyembamba, ikatoka na maneno ya ule wimbo, ubeti wa kwanza, pale pale Masanja alipofika.

Ulikuwa wenyewe.

"Rudia," mama akasema machozi yanatiririka. Akarudia. Baba akaja akamshika mama kiuno, wakacheza dansi uani mchana kweupe, mimi kwa aibu nikajifunika uso na kuchungulia kwenye vidole. Masanja alipoona matembele yanakwisha akaacha kuimba akainua fimbo. Mama akampigia kelele, "Usiwafukuze! Waache wale! Wewe imba!"

Barua ilifika reli ilipotengenezwa, tukiwa tumeshasherehekea. Mtoto wa kike, amepewa jina la mama, Kristina. Mimi nilichapwa kama ilivyoahidiwa, viboko viwili vya heshima, na kazi ya kulinda betri juani mpaka masika iishe. Mama alinipaka mafuta akaniambia, "Umeharibu mwenyewe, umetengeneza mwenyewe. Lakini sanduku langu usiliguse." Masanja tangu siku ile akaitwa Redio, na kila akipita na maziwa analeta kibuyu kimoja kwetu, mama anamjibu salamu yake kwa Kisukuma kibovu, wanacheka. Baadaye alihama na ng'ombe wake kuelekea Kasekese, na huko ndiko alikozeekea.

Mimi niliishia darasa la saba, picha sikucheza, lakini bado naota mchana na sijutii. Namshukuru Mungu kwa redio ile, kwa banda lile la video, kwa dada aliyenishika mkono sehemu za hatari. Siku hizi wimbo haumsubiri mtu wala mtu hausubiri. Kila mmoja ana wake sikioni, kimya kimya, na ukikatika hakuna wa kumkimbilia. Nikiwaambia watoto kwamba habari ya uzazi ililetwa na mchunga ng'ombe kwa kuimba tarumbeta, wanasema, "Mama, mlikuwa mnateseka nyie." Sawa.

Mwezi uliopita Kristina, ambaye sasa naye ni mama na anakaa Misunkumilo, alikuja kumsalimia bibi yake. Akatoa simu. "Mama mdogo, nimeupata ule wimbo." Hata maji ya chai niliyobandika hayajachemka, tarumbeta zikajaa nyumba, safi, bila mkwaruzo hata mmoja, kila chombo mahali pake. Mama, ambaye macho yameshachoka, aliusikiliza ameinamisha kichwa mpaka nota ya mwisho. Tukamsubiri aseme kitu.

"Ni wenyewe," akasema. Akatega sikio, kama anatafuta. "Mbona sisikii ng'ombe?"