Sefu Kwenye Mkokoteni

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumanne, mwanangu, na kila nikiikumbuka lazima nitafute mahali pa kukaa. Nilikuwa Kawangware, baba yako Wafula yuko mgongoni bado ananyonya, furushi la mboga za sukuma wiki liko kichwani, nikaona sefu ya benki yetu, lile kasha la chuma la pesa, imepakiwa kwenye mkokoteni. Wanaume wawili wanavuta, mmoja anasukuma, na Mzee Mutiso, meneja mwenyewe, anatembea kando na kofia mkononi. Hawakuniona. Walikata kona penye mashine ya kusaga unga, wakapotea.

Hilo liweke akilini, nitalirudia. Kwanza nikwambie ilikuwa benki gani, maana nyinyi wa siku hizi mnadhani benki ni simu.

Mzee Mutiso alitoka Machakos kabla ya Uhuru, akaajiriwa kufagia benki kubwa huko mjini. Miaka kumi na mmoja alipiga deki sakafu ile, akiingia kwa mlango wa nyuma na kutoka kwa mlango wa nyuma. Kwenye kaunta walihudumiwa Wazungu, kisha Wahindi wenye maduka. Mwafrika ukimwona pale, amebeba mfuko wa tajiri wake. Si kwamba hakuwa na shilingi. Alikuwa nayo, lakini akitaka kukopa aliulizwa: una hati ya shamba? Na mashamba yenye hati yalikuwa ya nani? Walimnyang'anya mtu shamba, wakamfanya kibarua juu yake, kisha wakamdai hati. Mwenye hati akakopa, akajenga, akawarithisha watoto wake, nao wakakopea urithi. Asiye nayo akabaki na kopo chini ya kitanda. Uhuru ulikuja, bendera ikabadilika, na kaunta ikaendelea kuuliza swali lilelile. Sisi wa Kibera tungejibu nini? Ardhi tuliyokuwa tukiilalia haikuwa na karatasi yenye jina letu, na mpaka leo haina.

Basi Mzee Mutiso na mafundi wenzake, maseremala, waashi na washonaji, wakaanzisha yao. Serikali iliiandika kuwa chama cha akiba, lakini sisi tuliiita benki ya mafundi, tena kwa maringo. Ilikuwa chumba kimoja Kawangware, kati ya kinyozi na bucha. Ukiingia unakuta mtu anakujua kwa jina, na hakuulizi hati. Anakuuliza ni nani atakusimamia. Mjane mmoja wa Lindi, kijiji cha huko Kibera, alipata cherehani kwa mkopo wa pale, akasomesha watoto wanne. Na kubwa zaidi, benki ilinunua ploti. Ploti ya kweli, yenye hati, hapohapo Kawangware! Kila mwanachama angejengewa chumba chake, asilipe kodi tena maishani.

Mimi nilikuwa katibu wa kikundi cha akina mama wa Mashimoni, Kibera hukohuko, tulioweka akiba yetu pale. Chumba changu nilikuwa nimeshakichagua kwenye ramani, cha kona, kinachopata jua la asubuhi. Hata pazia nilikuwa nimenunua, la maua ya njano. Cheka tu. Msichana wa miaka ishirini na mitatu anakunja na kukunjua pazia la nyumba ambayo haijachimbwa hata msingi.

Sasa turudi kwenye mkokoteni. Unadhani niliwafuata wale watu hatua ishirini nione wanakokwenda? Nilitupa sukuma yangu kwa mama mmoja wa kibanda, nikavuka Barabara ya Ngong mbio, mtoto akirukaruka mgongoni, mpaka Mashimoni penye kioski cha maji. Mama Auma, mwenyekiti wetu, alikuwa anateka.

"Mutiso anahama na sefu!" nikasema kabla hata ya kumsalimia.

"Umeona na macho yako, Nekesa?"

"Na hizi macho zangu. Iko kwa mkokoteni, inaenda."

"Pengine wanapeleka mahali. Si tumuulize kwanza?"

"Tumuulize akishafika Machakos? Hizi benki za watu weusi mimi najua mwisho wake."

Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, mwanangu. Hakuna Mzungu aliyesimama pale kunifundisha. Yalikuwa yamekaa humo siku nyingi yakingoja mkokoteni upite. Kuna mtu kwenye foleni ya maji akadakia, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja," na wote wakaitikia kwa vichwa, na mitungi ikaachwa pale chini. Saa sita Lindi walikuwa wamesikia. Saa kumi habari ilifika Soweto West, kijiji kingine cha Kibera, na iliponirudia mimi niliyeizaa sikuitambua: eti Mzee Mutiso amekata tikiti ya ndege yeye na mke wake.

Kesho yake foleni ilianza mlangoni pa benki ikapita bucha, ikapita kinyozi, ikazunguka kona. Wa kwanza nilikuwa mimi. Nilirauka.

Mlango ulifunguliwa saa tatu kamili, kama siku zote. Sefu ilikuwa mahali pake. Bawaba yake ya juu ilikuwa mpya, bado ina ule weusi wa kuchomelewa. Ile ya zamani ilikuwa imelegea wiki nzima, mlango haukazi, wakaipeleka sefu nzima kwa fundi wa jua kali, mchomeleaji vyuma wa kando ya barabara ambaye naye alikuwa mwanachama, akaitengeneza, ikarudishwa kabla ya saa nane mchana. Benki ya mafundi ingepeleka sefu yake wapi kama si kwa fundi?

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili ndilo linalonichoma. La kwanza lilikuwa ujinga. Nilipoiona ile bawaba nilielewa yote palepale. Ningegeuka tu, niwaambie watu: jamani, nimekosea, rudini nyumbani. Walikuwa ni watu wangu, wananijua. Lakini niliona haya. Niliona heri benki ife kuliko mimi nichekwe. Nikanyoosha mkono, nikasema, "Tunatoa zote."

Mzee Mutiso alijua ni nani aliyeanza. Mtaa hauna siri. Alinilipa mpaka shilingi ya mwisho. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini ili wa nyuma wasisikie, maana hata wakati ule alinihifadhia heshima yangu:

"Mwanangu Nekesa, nikifagia kule mjini, siku moja sefu yao ilitolewa nje kwa mlango wa mbele, mchana. Watu walisonga kando ipite. Hakuna mtu alikimbia. Hakuna mtu aliuliza hata." Akanirudishia kitabu changu cha akiba. "Na wewe ungeniuliza tu. Ningekwambia."

Ingekuwa sefu ya ile benki kubwa, mimi pia ningesonga kando.

Pesa za benki hazilali ndani ya sefu, mwanangu. Za kwetu zilikuwa kwenye cherehani, kwenye mbao, kwenye karo za watoto. Siku ya tatu kasha lilikauka. Mzee Mutiso alivaa koti lake akaenda mjini, kule alikokuwa akifagia, kuomba mkopo wa kuvukia. Safari hii aliingia kwa mlango wa mbele. Wakamwambia aache karatasi zake, arudi baada ya mwezi. Foleni haikungoja mwezi. Ploti iliuzwa kwa bei ya kutupa, kila mtu akalipwa haki yake, na mlango ukafungwa.

Tulizipeleka wapi pesa zetu? Kwenye benki kubwa ya mjini. Tulipanga laini kwa adabu, tukasifu sakafu ilivyong'aa. Na aliyenunua ploti alikuwa bwana mmoja mwenye mashamba ya hati, aliyekopeshwa na benki ileile. Ndiyo. Tulimkopesha mtu pesa zetu akanunua ardhi yetu.

Mwaka uliofuata nilimfuata Mzee Mutiso kwao Machakos, alikorudi, na kuku wawili. Alinisamehe, akauliza kama Wafula ameanza kutembea. Msamaha nilipewa. Ploti haikurudi, na yule mzee alikufa bila kusikia tena mtu akimwita meneja.

Unamkumbuka yule mama Mmarekani mweusi aliyekuja kanisani kwetu mwaka juzi, ukatutafsiria? Alisema babu yake alikuwa na kazi na nyumba, lakini benki za Wazungu hazikumkopesha kwa sababu ya rangi yake na mtaa aliokaa. Weusi wa huko wakaanzisha benki zao. Nyingine zimesimama hadi leo, nyingine zilianguka, na kila ilipoanguka moja familia zilirudi mwanzo, huku watoto wa Wazungu wakirithi nyumba. Nikakwambia umuulize zilianguka kwa nini. Akasema, nyingine kwa wizi, nyingine kwa sababu maskini anaweka kidogo na kutoa upesi, na nyingine kwa hofu. Nililia pale, ukadhani ni mahubiri yamenigusa.

Sasa jana. Ulikuwa umekaa hapohapo ulipokaa. Mweka hazina wa chama chenu cha akiba cha Soweto West hapokei simu tangu Jumamosi, nawe ukasema, "Shosh, huyo boy amehepa na doo. Wacha niambie wasee kwa group, kila mtu atoe zake." Hata bibi yako naielewa Sheng yenu: kijana katoroka na pesa, uwatangazie wenzako. Kidole kilikuwa tayari juu ya kioo cha simu. Ndiyo maana nilikunyang'anya simu, na ndiyo maana nimekuita leo.

Sikwambii umwamini kila mtu kwa sababu mnafanana rangi. Wezi weusi nimewaona, tena wa suti. Kikulacho ki nguoni mwako, nalijua hilo. Lakini kuuliza si ujinga. Nenda mlangoni kwake, piga hodi, mwambie akuonyeshe daftari. Kama ameiba, mshike na umtangaze, nitakuja na bakora yangu. Kama simu yake imeanguka majini, basi utakuwa umeokoa jasho la watu thelathini. Na ukija kujua umekosea, sema palepale, wakucheke. Kicheko kinaisha kwa wiki moja.

Tena jiulize swali ambalo mimi sikujiuliza: ingekuwa ni benki kubwa imezima simu siku mbili, ungekimbia, au ungesema mitambo inatengenezwa? Subira unayompa mgeni, mpe na mwenzako. Usimpe zaidi, wala usimpunguzie.

Baba yako huniuliza kwa nini nilihama Kibera uzeeni nikaja kupanga hapa Kawangware, na kwa nini nilikataa chumba cha bei nafuu upande ule mwingine wa jengo. Sijawahi kumjibu. Wewe nakujibu. Ploti ile ndiyo hii. Yule bwana alijenga, na sasa mtoto wake ndiye mwenye nyumba. Hiki ndicho chumba cha kona. Hilo pazia lililopauka, lenye maua yasiyojulikana tena kama yalikuwa ya njano, nalifungua kila asubuhi jua liingie, na kila tarehe tano namlipa kodi mtoto wa watu.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe masikio kabla ya ulimi, akupe watu wa kukusimamia, na watoto wako wakute hati yenye jina lako. Simu yako iko hapa chini ya mto. Nenda kwa huyo kijana kwa miguu, umuulize, halafu uje uichukue.