Jiwe la Mpaka na Kamera Isiyoharibika

Hapa Hardenbach, mji mdogo wa Ujerumani, hakuna kamera iliyowahi kuharibika. Zimewahi kushikwa vibaya, zimewahi kutiwa betri isiyofaa na watu wasiosoma maelekezo, zimewahi hata kuchoka. Lakini kuharibika, hapana. Kiwanda kinachozitengeneza kiko ng'ambo ya reli. Nusu ya mji ilipata mkate wake humo na nusu nyingine ilipata wachumba.

Ottfried Benner, fundi wa mapaa mstaafu, ndiye pekee aliyesema kinyume, tena kwa sauti, tena kwenye meza ya Ijumaa baani, mbele ya watu waliokuwa hawajamaliza bia zao.

"Iliganda!" alisema, na wala haikuwa mara ya kwanza. "Mke wangu yuko hewani, mimi nabonyeza, nayo inanitolea taa nyekundu. Bei ya gari zima la mtumba nimeibeba shingoni, inanikodolea jicho jekundu!"

"Lenzi ilikuwa nzima?" aliuliza Volkhard Scheld, aliyesaga lenzi kiwandani maisha yake yote ya kazi.

"Lenzi ilikuwa nzima."

"Basi."

"Basi nini, Volkhard? Nimpige picha kwa lenzi peke yake?"

"Labda uliishika vibaya, mzee mwenzangu."

Jambo lenyewe lilikuwa la miaka saba nyuma. Kila mwaka wa saba mji mzima huzunguka mpaka wake kwa miguu, msituni, bendi ikiwa mbele na soseji nyuma. Penye kila jiwe kubwa la mpaka, vijana wawili humbeba asiye mzaliwa wa hapa na kumgongesha makalio juu ya jiwe mara tatu. Baada ya hapo amekuwa wetu. Irmtraud, mke wa Ottfried, alizaliwa Niederholz, ng'ambo ya kijito, mahali unapoweza kusikia mbwa wao wakibweka. Kwa miaka arobaini alikataa kugongeshwa. Alipokubali hatimaye, kamera iliganda. Picha za simu zilikuwepo, nyingi tu. Katika zote Irmtraud amezibwa na kiwiko cha mpiga tarumbeta.

Na kwenye ukuta wa ofisi ya mji, ambako picha za kila mzunguko hutundikwa na chini yake huandikwa jina la mpigaji na kamera aliyotumia, Ottfried aliyekuwa na picha katika kila mzunguko tangu ujana wake, mwaka ule hakuwa na kitu.

Mwaka huu Irmtraud alitangaza kwamba atakubali kugongeshwa tena. "Lakini ni mara ya mwisho," alisema. "Nina nyonga ya chuma. Safari nyingine nitavunja jiwe. Kwa hiyo wewe baba, nunua kitu kinachofanya kazi. Sijali kimetoka wapi."

Ottfried alijali. Jicho lake lilikuwa limezoea kamera za kwetu: unachungulia kwenye kidirisha cha pembeni, unaona taswira mbili za kitu kimoja, unazungusha lenzi mpaka zilaliane ziwe moja. Na kidirisha kinaonyesha hata kilicho nje ya picha, kwa hiyo unamwona mtu kabla hajaingia. Kamera nyingine humwona mtu akiwa tayari amefika. Kwa ajili ya hilo angevumilia mengi. Kuganda hakukuwa miongoni mwake.

Akaenda kwa Dillmann mwenye duka.

"Toleo jipya, Bwana Benner. Yale matatizo ya zamani yamekwisha."

"Yapi? Si mlisema hayakuwepo?"

Dillmann alifuta kaunta iliyokuwa safi.

"Nijibu kitu kimoja. Inaganda, haigandi?"

"Hatujapokea malalamiko rasmi."

"Mimi nililalamika! Kamera ilikaa kwenu majira yote ya baridi, ikarudi na kitambaa cha kusafishia!"

"Kitambaa kizuri kile," alisema Dillmann. Kisha akashusha sauti. "Kama una wasiwasi sana, chumba cha nyuma ninazo za Kijapani. Nazifunga kwenye mfuko usio na maandishi. Wengi huchukua."

"Wengi gani?"

"Aa, Bwana Benner. Mimi ni mfanyabiashara."

Ottfried aliwaka. Alimwambia Dillmann azitoe hizo kamera aziweke dirishani, kwenye mwanga, naye atanunua moja papo hapo. Dillmann alimtazama kana kwamba ameambiwa atembee uchi sokoni. Basi Ottfried, kwa sababu hakutaka kununua kitu kwa kujificha kama mwizi, akanunua ya kwetu. Ijumaa ile meza ilimshangilia. Volkhard alimlipia bia.

"Nilijua utarudi kwa kamera za kwetu," alisema.

Irmtraud aliposikia alichukua kisu. Alikwenda kukata vitunguu, na vilikatwa vidogo sana.

Siku ya mzunguko ilikuja na ukungu. Kwenye jiwe la Niederholz vijana walimwinua Irmtraud, mmoja mabega, mwingine magoti. Wenzake Ottfried wa meza ya Ijumaa wote walijipanga, kamera za kwetu vifuani kama nishani.

"Ottfried!" Irmtraud alipiga kelele kutoka juu. "Usinitazame mimi, piga!"

Wakamgongesha mara ya kwanza. Ottfried alibonyeza. Taa nyekundu.

Hakutukana. Aliinua tu uso na kuwatazama wenzake, na wao wakatazama miti. Mara ya pili ilipokuwa inapita, mkono wa Volkhard uliingia ndani ya koti na kutoka na kitu kidogo cheusi cha Kijapani. Na kama vile amepiga filimbi, mikoba mingine ikafunguka. Cheusi, cheusi, cha kijivu, cheusi. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Shika," alisema Volkhard. "Ni mkeo. Bonyeza hapo, yenyewe inajua."

Mara ya tatu Ottfried aliipata: Irmtraud hewani, mdomo wazi, kiatu kimoja kimemtoka.

"Tangu lini?" alimuuliza Volkhard.

"Tangu yako ilipoganda."

"Miaka saba! Na ukaniambia niliishika vibaya!"

"Tungefanyaje, Ottfried? Pensheni yangu inatoka pale."

"Nami ukaniacha ninunue nyingine!"

Volkhard alimwomba jambo moja tu: ukutani aandike "kamera", basi. Ottfried aliandika mwenyewe, kwa herufi za kusomeka kutoka mlangoni: imepigwa kwa kamera ya Kijapani, mali ya Volkhard Scheld, msaga lenzi wa kiwanda chetu. Watu husimama pale, hucheka kiatu, husoma, kisha hutafuta mlango.

Siku hizi Volkhard hunywa bia yake akiwa amempa Ottfried mgongo. Ile kamera mpya iko kwa Dillmann. Inasemekana imechoka.